Herufi za Kigothi: cheti kinapendeza, jina halisomeki

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: herufi za Kigothi, zile nene, nyeusi, zenye kona kali, tulizozizoea kwenye vyeti, fulana, vibao vya vinyozi na vioo vya taksi. Wanaojibu ni wachapaji na wachoraji wa herufi wa meza yetu.

Nina duka dogo la uchapaji Barabara ya Nasser. Shule moja ya ufundi imeniagiza vyeti, na mkuu wake anataka kila kitu kiwe kwa Old English, ile fonti ya Kigothi, majina pia, yote kwa herufi kubwa. Nilichapa sampuli moja na hata yeye alishindwa kusoma jina la mwanafunzi. Kosa ni la printa au la fonti?
*Mchapaji, Kampala*

Printa yako haina kosa, na fonti pia haina. Tatizo ni hizo herufi kubwa tupu. Katika mwandiko wa Kigothi, herufi kubwa iliundwa ifungue sentensi au jina, kisha iziachie herufi ndogo kazi iliyobaki. Ndiyo maana ina mikunjo, nguzo (mistari minene ya kusimama) mbili mbili na vijistari vyembamba tumboni. Ukizipanga kumi kwa mstari mmoja, kila moja inadai kutazamwa na neno halionekani. Andika "Cheti cha Uhitimu", usiandike "CHETI CHA UHITIMU". Mkuu akishikilia msimamo, mchapie mistari miwili hiyo kwenye karatasi moja umwekee mezani. Mara nyingi hapo mjadala huisha.

Jina la mwanafunzi litoe kabisa kwenye Kigothi. Desturi yetu ni kuliandika kwa herufi kubwa, na desturi hiyo haina ubaya, ila liwe kwa fonti ya kawaida kama Garamond au Times, pointi 24 hadi 28. Sababu ya pili ni ya kazi tu: hapa Uganda cheti halisi hukaa kabatini, kinachozunguka maofisini ni fotokopi, na fotokopi ya fotokopi. Vijistari vya Kigothi ndivyo hupotea kwanza. Vikipotea, C inageuka kuwa kitu kati ya E na G.

Kwa A4 ya kulala, kichwa kiwe pointi 44 hadi 54 kwa Kigothi, na jina la shule pointi 24 hadi 28. Chini ya pointi 18 usiweke Kigothi chochote. Maelezo, tarehe na nafasi za saini ziwe kwa fonti ya kawaida, pointi 12 hadi 14.

Sasa makosa ambayo hutokea kwenye kompyuta. La kwanza ni kuachanisha herufi ili mstari ujae. Katika Kigothi uwazi ulio ndani ya "n" hukaribia kulingana na uwazi kati ya "n" na jirani yake, na huo mpigo sawa ndio uzuri wake wote. Ukiongeza nafasi, neno linageuka fito zilizotawanyika. Acha nafasi kwenye sifuri, au ipunguze kidogo. Nafasi kati ya maneno nayo ipunguze hadi kama asilimia 75 ya kawaida, na mistari ya kichwa isogeze karibu: herufi za pointi 48 hukaa vizuri kwenye mstari wa pointi 48, hata 46.

La pili ni kubonyeza kitufe cha kukoleza. Programu haina Old English nene zaidi, kwa hiyo hupaka ukingo kuzunguka herufi, na matundu ya "e" na "a" yanazibika. Usiivute pia kwa upana, maana nguzo zitanenepa huku vijistari vya kulala vikibaki vilevile.

Kuhusu rangi, tumia nyeusi tupu ya asilimia 100, isiwe nyeusi iliyochanganywa rangi nne. Rangi nne zikipishana hata kwa sehemu ya kumi ya milimita, kijistari kinakuwa na kivuli chekundu au cha buluu. Kijivu na dhahabu ya kuchapwa ni mbaya zaidi kwa sababu hutengenezwa kwa vinukta. Kijistari cha robo pointi kwenye printa ya nukta 600 kwa inchi kina upana wa nukta mbili tu, na ukikipaka kijivu hakibaki kitu. Kama shule inataka dhahabu ya kweli, ile ya kugandishwa kwa joto, fungua mchoro uvinenepeshe vijistari vyote vifike angalau milimita 0.3 kabla ya kutengeneza kibao cha kugandishia.

Mwenzangu shuleni anasema tusitumie herufi hizi kwa sababu ni za Wanazi. Mwingine anasema ni za Biblia. Na je, Old English na fraktura ni kitu kimoja?
*Mwalimu, Mbale*

Wa Biblia yuko karibu zaidi na ukweli. Mwandiko huu ulikua Ulaya ya magharibi kuanzia karne ya 12, na Johannes Gutenberg alipochapa Biblia yake mjini Mainz, ikakamilika karibu mwaka 1455, alichonga herufi zake kufuata mwandiko wa vitabu vya kanisa vya wakati ule. Kurasa nyingi za Biblia hiyo zina mistari 42.

Wanazi waliitukuza fraktura, tawi la Kijerumani la herufi hizi, mwanzoni, wakaifanya alama ya Ujerumani. Kisha tarehe 3 Januari 1941 Martin Bormann, afisa wa juu wa chama chao, alitoa waraka kwa jina la Hitler kuipiga marufuku, akidai ni herufi za Kiyahudi. Dai hilo lilikuwa la uongo mtupu, lakini waraka ulitekelezwa. Kwa hiyo herufi hizi zilitumiwa nao na zikafukuzwa nao. Leo ziko kwenye vichwa vya magazeti kama The New York Times na The Daily Telegraph, na hakuna anayeshtuka. Kwa cheti cha shule msiwe na wasiwasi. Tungesita tu kama ingekuwa fraktura nzito pamoja na nyekundu, nyeupe na nyeusi kwenye bango la siasa.

Na hapana, si kitu kimoja. Familia ina matawi manne: tekstura, rotunda, Schwabacher na fraktura. Njia ya haraka ya kuyatambua ni kutazama "o" ndogo. Kama pande zote mbili zimenyooka na kuvunjika kwa kona, ni tekstura, na Old English ni tawi la Kiingereza la hiyo tekstura. Kama pande zote zimepinda na herufi kwa jumla ni pana na ya mviringo, ni rotunda, iliyopendwa Italia na Hispania. Ikiwa imepinda kushoto na kulia lakini ina ncha juu na chini, ni Schwabacher ya Ujerumani. Upande wa kushoto ukiwa umevunjika na wa kulia umepinda, hiyo ni fraktura, iliyoanza mwanzoni mwa karne ya 16 katika vitabu vya Kaisari Maximilian I. Herufi kubwa za fraktura zina mkunjo mrefu ambao Wajerumani wenyewe huuita mkonga wa tembo.

Tofauti hii ina maana kwa msomaji wetu. K ya fraktura hufanana sana na R, kwa hiyo "Kato" atasomeka "Rato". A yake hukaribia U, na I na J mara nyingi zina umbo moja. Fonti nyingine za fraktura huweka s ndefu ya kale, inayofanana na f, na "safari" inakuwa "fafari". Kwa Kiswahili chagua tekstura. Na unapotafuta fonti, jina lisikupoteze: Century Gothic na Franklin Gothic ni herufi nyofu za kisasa, hazina uhusiano wowote na hizi.

Nachora vibao kwa mkono. Mteja anataka "Kinyozi Mwaminifu" kwa Kigothi. Nikinakili kutoka kwenye simu herufi zinatoka kila moja na unene wake. Nianzie wapi?
*Mchoraji, Arua*

Anza na brashi, simu iweke kando. Herufi hizi hazichorwi ukingo kisha zikajazwa rangi. Huzaliwa na ncha pana iliyoshikwa kwa pembe moja, na unene hujitokeza wenyewe.

Chukua brashi bapa ya milimita 12. Kimo cha herufi ndogo kiwe upana wa brashi mara 5, yaani milimita 60. Juu yake ongeza milimita 24 kwa ajili ya "k", "f" na "l", na chini milimita 24 kwa "y". Chora mistari hiyo minne kwa penseli au uzi wa chaki. Shika brashi kwa nyuzi 45 na usiizungushe vidoleni hadi neno liishe. Hapo ndipo unene wako unapopotea: mkono unageuka kidogo kwenye kila kona, na nguzo inayofuata inatoka nyembamba au nene. Kwa pembe hiyo nguzo ya kusimama itakuwa na upana wa milimita 8.5 hivi, na uwazi kati ya nguzo uwe huohuo. Kwa hiyo kumbuka kipimo hiki, kitakusaidia kwa ukubwa wowote: nguzo na uwazi wake ni takriban sehemu ya saba ya kimo cha herufi ndogo.

Kila nguzo ina mipigo mitatu. Weka brashi uivute kidogo kwa mshazari, utapata umbo la uru kama ile ya karata. Shuka wima. Kisha weka uru nyingine miguuni. Hiyo ni "i". Mbili zikishikana ni "n", tatu ni "m". Fanya mazoezi ya "i, n, u, m" mpaka zitoke sawa, ndipo uingie kwenye "l, h, b", kisha "o, e, c, d". "O" haina mviringo hata kidogo, ni nguzo mbili zilizounganishwa kwa uru juu na chini. "K", "s", "g" na "z" ziache mwisho.

Neno "Mwaminifu" ni mtego. Kipande "mini" ni nguzo 7 mfululizo zinazofanana, na mpita njia akiwa juu ya boda ataona uzio. Waandishi wa kale walipambana na tatizo hilohilo, wakaanza kuweka kijistari juu ya "i" ili itengane na jirani zake. Nawe weka kijistari kirefu cha mshazari, kionekane. Pia "m" unaweza kuifunga kidogo na kuacha mguu wa mwisho wa "n" utokeze nje kwa milimita 3 au 4.

Rangi ya mafuta izimuliwe kidogo tu. Ikiwa nyepesi, kona za uru huyeyuka zikawa mviringo, na ikiwa nzito, mpigo wa brashi unakatika katikati ya nguzo. Ukuta wa plasta mbichi au wenye chenga utakula kona zote, kwa hiyo upige msasa na upake rangi ya msingi, au chora kwenye bati. Kati ya maneno acha milimita 24 tu. Wachoraji wengi huacha mara mbili ya hapo na kibao kinaonekana kimekatika.

Tunaandaa fulana za ukoo kwa Luganda. Fonti ya Kigothi niliyo nayo haina ŋ, na "Ŋŋonge" linatoka na herufi za fonti nyingine. Nifanye nini? Na kuna za bure zinazoruhusiwa biashara?
*Msanifu, Masaka*

Fonti nyingi za Kigothi zilitengenezwa kwa Kiingereza na Kijerumani, ndiyo maana ŋ inakosekana. Programu ikiikosa huazima kimyakimya kutoka fonti nyingine. Kabla ya kupakua yoyote, andika "Ŋ ŋ" kwenye kisanduku cha majaribio uone kama zinafanana na jirani zake. Za bure chini ya leseni huria ya SIL, ambayo inaruhusu biashara, ni pamoja na UnifrakturCook, UnifrakturMaguntia, Pirata One na Grenze Gotisch. Mbili za kwanza ni fraktura, na tumeshasema shida yake.

Kama ŋ haimo, itengeneze. Katika Inkscape, programu ya kuchorea, andika "n" na "j" kwa ukubwa uleule, uzibadilishe kutoka maandishi ziwe maumbo. Kata uru ya mguu wa kulia wa "n", uuache wa kushoto. Kutoka kwa "j" chukua mkia tu, chini ya mstari wa herufi, uupachike kwenye nguzo ya kulia, kisha unganisha vipande viwe umbo moja. Kama ukingo utaonyesha ngazi pale vilipokutana, mkia haukuwa umekaa sawasawa kwenye nguzo. Usogeze na uunganishe upya. Kwa herufi kubwa, lugha za Afrika hupendelea "n" iliyokuzwa yenye mkia kuliko N yenye ndoano. Ikuze "n" yako hadi kimo cha herufi kubwa, lakini rudisha unene wa nguzo, la sivyo itaonekana nzito kupita wenzake.

Ukitaka kuiweka ndani ya fonti yenyewe kwa FontForge, programu ya kutengenezea fonti, nafasi zake katika Unikodi, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, ni U+014B kwa ndogo na U+014A kwa kubwa. Leseni ya SIL inakubali ubadilishe, ila kama jina la fonti limehifadhiwa, toleo lako lipe jina jingine kabla ya kulisambaza.

Kuna programu ya simu inayogeuza jina liwe la Kigothi kwa WhatsApp. Kwa baadhi ya marafiki zangu hutokea vijisanduku. Kwa nini?
*Mwanafunzi, Gulu*

Kwa sababu hiyo si fonti. Ni alama za hisabati zilizo na umbo la fraktura, zilizoingizwa katika Unikodi mwaka 2001 kwa ajili ya milinganyo. Simu isiyo na alama hizo huonyesha kisanduku. Utagundua pia kwamba C, H, I, R na Z kubwa wakati mwingine hutofautiana na wenzake kwa unene. Hizo zilikuwa zimeshawekwa mahali pengine katika Unikodi, na simu inaweza kuzitoa fonti nyingine. Programu za kusomea vipofu huziruka au huzitamka kama alama moja moja, na ukitafuta jina lako kwa herufi za kawaida huenda usilipate. Kwa mzaha sawa, kwa jina la biashara usithubutu. Wachapaji nao: mteja akikutumia jina lililoandikwa hivyo, lichape upya kwa vidole, usilinakili.

Nachapa fulana na kukata stika za taksi. Maandishi ya Kigothi kwenye fulana nyeusi yanaziba, na stika zinainuka kwenye ncha. Nisaidieni.
*Fundi, Jinja*

Fulana kwanza. Wino mweupe juu ya kitambaa cheusi hupita mara mbili, na kila mara unatanuka. Kwa wavu wa kuchapia wa nyuzi 43 kwa sentimita, hesabu kwamba uwazi wa chini ya milimita 1.5 utaziba. Kwa kile kipimo cha sehemu ya saba tulichompa mchoraji wa Arua, herufi ndogo zisipungue kimo cha milimita 11, na kifuani ziwe 25 au zaidi kwa raha. Kisha kondesha herufi yote kwa milimita 0.2 kila upande kabla ya kutoa filamu, ili wino ukitanuka urudi kwenye unene unaoutaka. Wavu wa nyuzi 55 au 62 unasaidia kama wino wako unapita vizuri. Angalia na taa: ukizidisha muda wa kuchoma wavu kwa mwanga, mwanga unapenya chini ya kingo za filamu na vijistari vinafungika. Ukiupunguza, emalsheni, ile dawa inayopakwa kwenye wavu, inaosheka na kona zinamomonyoka. Chapa neno moja, mawili kwa wingi. Aya nzima ya Kigothi mgongoni ni doa tu.

Stika ni suala la ncha. Kijistari chembamba kuliko milimita 1 kitang'oka wakati wa kuchambua (kuondoa mabaki yasiyotakiwa), au kitainuka baada ya wiki chache za jua na vumbi. Fungua mchoro, futa vijistari vyote vya mapambo ndani ya herufi kubwa, na vinavyobaki vinenepeshe vifike milimita 1.5. Kata ncha kali za uru kwa mviringo mdogo wa nusu milimita. Kwa macho hautaonekana, lakini kona ya mviringo hainyanyuki kirahisi. Punguza mwendo wa plota, yaani mashine ya kukatia, badilisha kisu kilicho butu, kwa maana butu huburuta kona. Kioo kisafishe kwa spiriti, usitumie sabuni yenye mafuta, ubandike kikiwa na kivuli. Tepu ya kuhamishia ivute nyuma ikiwa imelala karibu na kioo, kuanzia upande ambao ncha za herufi zinaelekea.

Nataka jina la mama yangu mkononi kwa tatuu ya Kigothi, dogo dogo, ndani ya kifundo. Litakaa?
*Msomaji, Entebbe*

Dogo dogo, hapana. Wino husambaa polepole chini ya ngozi kadiri miaka inavyopita, na uwazi mwembamba kati ya nguzo ndio hufungwa kwanza. Kimo cha herufi ndogo kisipungue sentimita 1.5, ili uwazi ubaki milimita 2 hivi. Kama kifundo hakitoshi, peleka kwenye mkono wa juu au chagua mwandiko mwingine. Na mchoraji akuwekee jina kwenye karatasi kwanza, kwa ukubwa halisi, ulisome herufi moja moja, hasa K na A zake.